Usugu wa Nani? Kiswahili, Tarakilishi na Ufuatiliaji wa Vijasumu Sugu Hospitalini

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayeingia katika maabara ya hospitali hujiona mgeni. Humo hamna diwani wala tamthilia. Mna sahani za kupandia vijasumu, majokofu, na tarakilishi iliyowekwa pembeni ikisubiri kulishwa tarakimu. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba kazi ya tarakilishi hiyo, yaani kufuatilia vijasumu vilivyozishinda dawa, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Mashine haihesabu kitu ambacho hakijapewa jina. Na katika hospitali nyingi za Kenya, jina la kwanza la maradhi na la dawa hutamkwa kwa Kiswahili, na mgonjwa mwenyewe au jamaa yake, kabla halijageuzwa kuwa Kiingereza, kisha Kilatini, kisha msimbo wa herufi tatu. Katika kila hatua ya safari hiyo kuna kinachoanguka njiani. Tunauliza ni kipi, na ni nani aliyepaswa kukiokota.

Neno tarakilishi nimelichagua kwa makusudi. Najua kwamba katika korido za hospitali watu husema kompyuta, na sina ugomvi nao. Lakini tarakilishi limebeba ndani yake dalili ya tarakimu, na si vibaya tukikumbushwa kila tunapolitamka kwamba chombo hiki, pamoja na sifa zake zote, kazi yake ni kuhesabu.

Kinachohesabiwa si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba Afrika Kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Panapokuwa na maabara na kumbukumbu zisizokatika, picha huwa wazi zaidi. Katika hospitali ya Kilifi, kati ya mwaka 1998 na 2002, watafiti walipima damu ya maelfu ya watoto waliolazwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu. Kule Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi katika damu walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha watoto wenye malaria. Kutumiwa kwa dawa ambazo bakteria hao walikuwa wamekwisha kuzizoea kulikuwa miongoni mwa sababu. Malaria kila mtu anaijua kwa jina. Hao wengine tunawaitaje?

Jibu la shangazi

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na kidonda mguuni. Kijana aliyevaa koti jeupe alimkaribisha kwa heshima, akavuta fomu, akauliza:

"Mama, umetumia dawa gani kabla ya kuja hapa?"

"Zile za rangi mbili, daktari. Nilipewa sita dukani. Nikameza nne, maumivu yakatulia, mbili nikamwekea mtoto."

Nilikuwa nimeketi kando yake, na niliona vizuri kilichoandikwa: maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba hakuna dawa aliyoitumia. Sidhani kijana yule alikuwa mzembe. Fomu yake ilitaka jina la dawa, na "rangi mbili" si jina linaloingia katika nafasi ile. Hivyo basi habari iliyokuwa muhimu kuliko zote, kwamba mgonjwa huyu alikwisha kumeza kiuavijasumu nusunusu kwa siku chache, ilifika mezani ikiwa kamili na kuondoka ikiwa sifuri. Dawa mbili za kwanza alizoandikiwa hazikufua dafu. Usaha ulipopimwa hatimaye, miezi mitatu baadaye, ilibainika kuwa bakteria waliokuwamo hawakutikiswa na yoyote kati ya hizo mbili.

Nimeyaeleza haya kwa sababu kila niliposoma kuhusu mifumo ya tarakilishi inayosifiwa hospitalini, nilijiuliza jibu la shangazi lingekaa wapi.

Kamusi iliyo ndani ya mashine

Sisi tunaosomea Eldoret tuna jambo la kujivunia ambalo wengi wetu hatulijui. Kituo cha afya cha Mosoriot, katika barabara ya kwenda Kapsabet, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka mjini, ni mojawapo ya mahali pa kwanza katika Afrika Kusini mwa Sahara ambapo kumbukumbu za wagonjwa wasiolazwa zilianza kuwekwa katika tarakilishi. Ilikuwa mwaka 2001. Waliohusika walikuwa wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwamo Joseph Rotich, pamoja na Terry Hannan kutoka Australia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Umeme ulipokatika, na ulikatika kweli, betri zilizojazwa kwa nguvu za jua zilisaidia. Walipopima muda kabla na baada ya mfumo kuanza, waligundua kwamba muda aliotumia mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22.

Kutokana na mbegu hiyo, na kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH ulioanza mwaka huohuo wa 2001 kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, ulizuka mfumo mkubwa zaidi. Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret mwaka 2004, wakaona kwamba kiasi cha kumbukumbu kingeuzidi nguvu mfumo uliokuwapo, wakaanza kubuni programu huria iitwayo OpenMRS. Kufikia mwaka 2006 ilikuwa ikitumika hapa Eldoret, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi.

Sasa naomba msomaji wa isimu anisikilize kwa makini. Kiini cha programu hiyo ni kitu ambacho wabunifu wake wenyewe hukiita kamusi ya dhana. Kila jambo linaloweza kuandikwa kuhusu mgonjwa, liwe ni uzito, homa, jina la dawa au swali aliloulizwa, huingizwa humo kama dhana yenye nambari yake. Dhana hiyo moja inaweza kupewa majina mengi. Mojawapo huteuliwa kuwa jina linalopendelewa. Mengine hukaa kama visawe. Tena majina hayo yanaweza kuwa ya lugha mbalimbali, na yote yakaelekeza kwenye nambari ileile. Nani katika somo la leksikografia asiyekitambua kitu hiki? Ni kidahizo, visawe na tafsiri, isipokuwa kwamba kamusi hii haikai rafuni kungoja kufunguliwa. Hufunguka yenyewe kila muuguzi anapobonyeza kitufe. Nafasi ya kuweka "rangi mbili" kama kisawe ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichohitajika ni mtu wa kusema kwamba neno hilo lipo, na lina maana gani.

Lazima niseme wazi kwamba mfumo huu haukubuniwa kwa ajili ya usugu wa bakteria. Kazi hiyo ina programu yake.

Jinsi hesabu inavyofanywa

Chukua tone la mkojo, usaha au damu ya mgonjwa. Mtaalamu wa maabara huvikuza vijasumu vilivyomo mpaka viwe vingi vya kutosha kutambulika. Kisha huvitandaza juu ya sahani yenye ute mgumu wa chakula chao, akaweka juu yake vijidonge bapa vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa tofauti. Sahani hulala katika joto la nyuzi 35 hivi kwa saa 16 hadi 18. Kesho yake, kuzunguka baadhi ya karatasi pataonekana duara tupu: hapo dawa imeshinda. Kuzunguka nyingine vijasumu vitakuwa vimeota mpaka ukingoni kana kwamba hakuna kitu. Kipenyo cha kila duara hupimwa kwa rula, kwa milimita, na kipimo hulinganishwa na jedwali linaloamua kama kijasumu ni sugu, ni dhaifu, au kiko katikati.

Hadi hapa hakuna tarakilishi. Inaingia pale matokeo ya sahani moja yanapotakiwa kuunganishwa na ya sahani elfu moja. Programu inayotumika zaidi duniani kwa shughuli hiyo ni WHONET, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Thomas O'Brien na John Stelling katika hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, na kutolewa bila malipo kupitia Shirika la Afya Duniani. Imetumika katika nchi zaidi ya 130. Ndani yake, Escherichia coli huwa "eco", Staphylococcus aureus huwa "sau", Klebsiella pneumoniae huwa "kpn". Majina marefu ya Kilatini yamenyolewa hadi herufi tatu, na hukumu ya dawa imebaki herufi moja. Mwisho wa mwaka mashine hutoa jedwali linaloonyesha, kwa mfano, ni asilimia ngapi ya "eco" katika hospitali hiyo bado zinauawa na dawa fulani. Daktari mwenye jedwali hilo hakisii tena anapoandika dawa usiku wa manane kabla ya majibu ya maabara kutoka. Programu inaweza pia kushtuka: ikiwa vijasumu vya aina moja, vyenye usugu wa aina moja, vimejitokeza mara nyingi katika wodi moja kwa muda mfupi, huenda vinapita kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono ya watu.

Lakini hesabu ina mitego yake, na mikubwa miwili ni mitego ya majina na ya masimulizi.

Wa kwanza ni huu. Kanuni ya jedwali ni kwamba mgonjwa mmoja, kwa aina moja ya kijasumu, huhesabiwa mara moja tu katika kipindi husika. La sivyo, mtu mmoja mwenye kidonda kisichopona, aliyepimwa mara sita, angeifanya hospitali nzima ionekane imejaa vijasumu sugu. Mashine humtambuaje mtu mmoja? Kwa nambari, na nambari ikipotea, kwa jina. Hapa kwetu Uasin Gishu na Nandi, mtu huandikwa Kiprotich leo na Rotich kesho, na wote wawili ni yeye. Mwanamke hufika na jina la ubatizo, akarudi na la mumewe, mara ya tatu akaletwa na mwanawe na kuandikwa Mama Fulani. Mwanafunzi yeyote wa onomastiki angeweza kumweleza mwanaprogramu kwamba kiambishi Kip- au Chep- si sehemu ya kutosha kumgawa mtu kuwa wawili. Sijui kama kuna aliyewahi kuulizwa. (Na jedwali hilo halipaswi kuaminiwa iwapo aina ya kijasumu haijafikisha sampuli 30, kwa hospitali ndogo, mtu mmoja kuhesabiwa mara tatu si mzaha.)

Mtego wa pili ni wa kina zaidi. Kupima usaha kuna gharama, na mara nyingi hupimwa yule tu ambaye dawa mbili tatu zimekwisha kumshinda. Waliopona kwa dawa ya kwanza hawaonekani maabarani. Kwa hiyo asilimia inayotolewa na mashine hupima wagonjwa walioshindikana, si wagonjwa wote, na ikisomwa bila tahadhari itawafanya madaktari wazikimbie dawa za bei nafuu ambazo bado zinafaa na kuzikimbilia zile ghali tunazopaswa kuziwekea akiba. Dawa dhidi ya kosa hili ni kujua mgonjwa alipitia wapi kabla ya kufika. Yaani ni jibu la shangazi.

Usugu wa nani?

Tuligeukie neno lenyewe. Vyombo vya habari na mabango ya afya hutumia sana kirai "usugu wa dawa". Kwa mtazamo wa sarufi, a-unganifu hapa lina mgogoro. Tunaposema "ukali wa dawa" au "uchungu wa dawa", dawa ndiyo kali, dawa ndiyo chungu. Kwa mantiki hiyo, "usugu wa dawa" ni sifa ya dawa. Dawa ndiyo sugu. Msikilizaji asiye na mafunzo ya tiba atafanya nini na kirai hicho? Ama ataona dawa imeharibika, ama, na hili nimelisikia mara nyingi zaidi, atahamisha usugu na kuuweka mwilini mwake: "mwili wangu umeizoea ile dawa." Akishaamini hivyo, tiba anayoijua ni kubadilisha dawa au kuongeza nguvu yake, naye hataona sababu ya kumhofia jirani yake. Mwili uliozoea hauambukizi. Kijasumu kilichozoea kinaambukiza.

Isitoshe, sugu lina historia yake. Sugu ni ngozi iliyokakamaa kiganjani mwa mkulima. Ugonjwa sugu ni ule usiokwisha, hata kama hauna uhusiano wowote na bakteria. Kisukari ni ugonjwa sugu. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anapoambiwa ana "vijasumu sugu" katika kidonda, anaweza kudhani anaelezwa habari ileile aliyoijua kwa miaka kumi. Wapo wanaopendekeza ukinzani. Ni neno zuri, linaeleza kitendo na mtendaji wake, ingawa masikioni mwa wengi bado lina harufu ya darasani. Mimi naona usugu limekwisha kuzoeleka mno kuondolewa. Kinachohitajika ni kulisindikiza kila mara na mwenyewe: usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Ni kirai kirefu, nakubali. Lakini hakimsingizii mwili wala dawa.

Na jina la dawa hizo? Kiuavijasumu ni istilahi iliyoundwa vizuri kabisa, ila mzigo wote umewekwa juu ya kijasumu, neno ambalo watu wengi hulichanganya na kijidudu chochote, pamoja na virusi. Mwenye mafua ana vijidudu. Basi na ameze kiuavijasumu. Wenzetu wanaosema "dawa ya kuua wadudu" wametupeleka mbali zaidi, hadi shambani kwenye mahindi. Antibiotiki, ingawa ni mkopo, haina kosa hilo kwa kuwa haina maana yoyote ya ndani ya kumpotosha mtu. Nasema hivi nikijua kuna wahadhiri watakaonikasirikia.

Ajabu ni kwamba onyo la kwanza maarufu kuhusu jambo hili lilitolewa kwa njia ya hadithi. Desemba mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipokuwa akitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel, alisimulia kisa cha kubuni cha bwana mmoja asiye na jina ambaye koo lilimuuma, akajinunulia penisilini, akatumia kiasi kisichotosha kuua vijasumu ila kilichotosha kuvifunza kuihimili. Akamwambukiza mkewe, naye akapata nimonia. Mke akatibiwa kwa penisilini ileile na akafa. Kisa kina wahusika wawili, kosa moja na kifo kimoja, na hakuna anayekisikia akabaki akidhani kwamba ni mwili wa mume uliozoea dawa. Muundo wa masimulizi wenyewe unaonyesha nani amekuwa sugu na amesafiri kutoka wapi kwenda wapi. Shangazi yangu na zile kapsuli mbili alizomwekea mtoto angekielewa bila mkalimani.

Daftari la majina

Si kweli kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Mwaka 2004, chuo hichohicho cha Dar es Salaam kilishiriki kutafsiri programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, na istilahi za tarakilishi zilizodhaniwa haziwezekani zikawezekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2017 serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu huu, na kuelimisha umma ni mojawapo ya nguzo zake. Lakini istilahi zinazotoka juu, hata ziwe nzuri vipi, hazituelezi mgonjwa anaita nini kile alichokimeza juzi. Hilo haliundwi na kamati. Linakusanywa, kama tunavyokusanya methali na vitendawili, kwa kalamu na miguu.

Ndiyo kazi ninayowapendekezea wenzangu wa chama. Tunatuma wanafunzi vijijini kurekodi ngano. Tuwatume pia kwenye maduka ya dawa na vituo vya matatu hapa Eldoret, wakaulize watu dawa wanaziitaje, kwa Kiswahili, kwa Kalenjin, kwa Kiluhya, kwa Sheng, wala wasiulize majina ya watu wala maradhi yao. Matokeo yakae katika safu tatu: jina la mtaani, kitu kilichoonyeshwa, na jina la kitaalamu litakalothibitishwa na mfamasia. Orodha ya namna hiyo ina umbo lilelile la kamusi ya dhana, na anayesimamia mfumo wa hospitali anaweza kuiingiza humo kama visawe.

Nimeanza peke yangu, katika daftari la kawaida la kurasa 96. Jina la kwanza nililoandika ni "rangi mbili". Safu yake ya tatu bado iko wazi, kwa sababu wauzaji wawili niliowauliza katika mtaa mmoja walinionyesha kapsuli mbili tofauti.